LISEMWALO LIPO? MAHAKAMANI LATAKA SHAHIDI

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa sana barazani. Mkulima asikiaye kwa watu watatu kwamba mvua za mwaka huu zitawahi ni heri atayarishe jaruba lake mapema. Hata wakikosea, hapotezi kitu. Lakini methali hiyo hiyo ikichukuliwa na kutumika kumhukumia mwanadamu, yaweza kumtoa roho mtu asiye na kosa lolote. Ndiyo sababu sheria ya jinai imekataa kuipokea.

Jumapili hii, ndugu msomaji, twapenda kuzungumza na vijana wetu wa sekondari, na hasa wale wa Kyela, Ipinda, Matema na mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, juu ya misingi michache ya sheria ya jinai na ya haki za binadamu. Vijana hufundishwa mambo haya darasani, wakayakariri kwa ajili ya mtihani. Shabaha yetu leo ni kuyatoa katika daftari na kuyaleta kijijini, mahali ambapo ndipo hasa yanapopimwa. Wazazi nao tunawasihi wakae karibu, kwa kuwa mengi ya haya huwapata watu wazima kabla ya watoto.

KOSA LA JINAI NI NINI?

Si kila ubaya ni kosa la jinai. Jirani wawili wakigombea mpaka wa shamba la mpunga au la kakao, ugomvi wao ni wa madai. Kila mmoja hudai haki yake, na mahakama huamua shamba ni la nani. Lakini mmoja wao akishika panga na kumkata mwenziwe mkono, jambo limebadilika. Hapo mwenye kushtaki si yule aliyekatwa peke yake. Ni Jamhuri, kwa niaba ya watu wote, maana amani ya watu wote imevunjwa. Aliyeumizwa huitwa kuwa shahidi.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa wazee wetu waliozoea kusuluhisha mambo kwa ng'ombe. Usuluhishi ni jambo jema, na sheria yenyewe huuruhusu katika makosa madogo. Lakini mauaji hayamalizwi kwa ng'ombe wala kwa fedha baina ya koo mbili. Uhai uliotolewa haukuwa mali ya ukoo, hata ukoo uuze haki yake.

Sehemu kubwa ya makosa hayo imeandikwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1945. Jambo la kuandikwa si dogo. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yasema kwamba mtu haadhibiwi kwa tendo ambalo halikuwa kosa chini ya sheria wakati alipolitenda. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kuamka asubuhi akatunga kosa, kisha akamtoza mtu faini kwa jambo alilofanya juzi.

TENDO NA NIA

Ili mtu awe na hatia ya jinai, kwa kawaida vitu viwili hutakiwa vikutane: tendo na nia. Nia bila tendo haiadhibiwi. Mtu aweza kumchukia jirani yake miaka 20, akamwombea mabaya usiku na mchana. Maadamu hakutenda wala hakutishia, sheria haina neno naye. Tendo bila nia nalo, aghalabu, halitoshi. Kyela ni nchi ya mvua nyingi, na miavuli hupotea katika kila mkutano. Ukichukua mwavuli wa mwenzio ukidhani kwa dhati kwamba ni wako, hukuiba. Ukigundua kosa, ukaamua kuuficha, hapo mambo ni mengine.

Nia ndiyo itenganishayo mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia. Matokeo ni yale yale, yaani mtu amekufa. Lakini la kwanza huhukumiwa adhabu ya kifo, na la pili kifungo, ambacho chaweza kufika maisha. Adhabu ya kifo ingali katika sheria yetu ingawa haijatekelezwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira kunavunja haki ya kuishi.

Umri pia hutazamwa. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliyekuwa chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo.

NANI ATHIBITISHE?

Hapa ndipo penye shina la mazungumzo yetu. Mtu akisema, "Fulani ameiba," ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha? Je, fulani athibitishe kwamba hakuiba, au asemaye athibitishe kwamba ameiba?

Katiba imejibu. Ibara ile ile ya 13 yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kwamba anayo hatia. Mzigo ni wa upande wa mashtaka, nao huubeba mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa halazimiki kusema lolote; aweza kunyamaza. Na ushahidi lazima ufike mahali ambapo hakimu mwenye akili timamu habaki na shaka ya maana. Ikibaki, mshtakiwa huachiliwa.

Kanuni hii wanasheria wa Uingereza waliitilia mkazo mwaka 1935, katika shauri la kijana mmoja mfanyakazi wa shamba, Reginald Woolmington, aliyeshtakiwa kumwua mkewe kwa bunduki. Yeye alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji wa kwanza aliwaambia wazee wa baraza kwamba, maadamu kuua kumeonekana, ni juu ya kijana kuonyesha kwamba ilikuwa bahati mbaya. Baraza la Malodi lilisema sivyo, na Woolmington akaachiliwa. Shauri hilo hutajwa mpaka leo katika mahakama za Afrika Mashariki.

Mahakama yetu ya Rufani nayo imetoa mafundisho yafaayo sana kijijini. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, na hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataka yaulizwe maswali haya: shahidi alimwona mtu kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa namna gani? Je, alikuwa akimfahamu kabla ya siku hiyo? Jaribu, mwanafunzi, kuyauliza maswali hayo kuhusu mtu aliyeonekana usiku katikati ya migomba, kwa mwanga wa mwezi uliofichwa na mawingu, akikimbia. Utaona jinsi neno "nilimwona" linavyopungua uzito.

Na ikiwa shahidi hakuona mwenyewe, bali aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mwingine, sheria ya ushahidi humwambia akae chini. Jambo lililoonekana husemwa na aliyeliona. Lililosikika husemwa na aliyelisikia.

MWAFI NA PUMZI YA WATU

Isidhaniwe kwamba wazee wetu hawakujua kesi. Walijua, na walikuwa na njia zao za kutafuta ukweli. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938 wakichunguza mila, waliandika habari za mwafi. Mtu aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa dawa hiyo. Akiitapika, alihesabiwa hana hatia. Akishindwa kuitapika, alihesabiwa mchawi. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku.

Tuutazame mwafi kwa jicho la mwanafunzi wa sheria. Ndani yake kulikuwamo wazo moja jema, kwamba mtu asiadhibiwe kabla ya kupimwa. Lakini aliyepimwa ni mwili wa mtuhumiwa, wala si maneno ya mshtaki. Mshtaki hakutakiwa kuleta shahidi wala kueleza alijuaje. Mzigo wote uliwekwa tumboni mwa yule aliyesingiziwa.

Akina Wilson waliandika pia juu ya imani ya "embepo sya bandu", yaani pumzi ya watu. Iliaminiwa kwamba majirani wakinung'unika kwa pamoja juu ya mtu aliyekosa adabu au aliyevunja desturi, pumzi yao baridi humletea maradhi. Ilikuwa njia ya kijiji kumrudi mkosaji pasipo fimbo. Imani hiyo yatukumbusha jambo ambalo kila mtu wa kijijini analijua: manung'uniko ya wengi yana nguvu. Swali la sheria ni hili: je, hao wengi wamesadiki kwa sababu wameona, au kwa sababu kila mmoja amemsikia mwenziwe?

KUNDI LINAPOUA

Tutoe mfano wa kubuni. Ziwa Nyasa huvuma ghafula. Upepo wa mwera ukishika, mawimbi hupanda, na mtumbwi uliotoka kutafuta usipa waweza kupinduka mbele ya macho ya watu. Tuseme kijana mvuvi amezama namna hiyo. Wiki mbili kabla, aligombana na bibi kizee jirani yake kwa ajili ya kuku. Msibani mtu mmoja anakumbusha ugomvi ule. Wa pili anaongeza kwamba macho ya bibi yule ni mekundu. Wa tatu anasema hata mtoto wa fulani alikufa mwaka juzi. Usiku vijana 12 wanaondoka kwenda nyumbani kwa bibi. Mmoja ana tochi. Mmoja ana fimbo. Mmoja anapiga kelele tu. Asubuhi bibi si hai.

Yaliyobaki ni hesabu ya sheria, na kila mwanafunzi aipige mwenyewe.

Kwanza, je, bibi alikuwa na kosa? Hakuna aliyeonyesha tendo. Kilichokuwapo ni ugomvi wa kuku, macho mekundu na upepo. Macho mekundu ni alama ya mtu aliyepikia kuni miaka 50 katika nyumba isiyopitisha moshi.

Pili, mwenye tochi aweza kusema, "Mimi sikumpiga"? Sheria yajibu kwamba watu wanapoungana kwa nia moja kutenda jambo lisilo halali, na kosa likatokea ambalo ni matokeo ya kutarajiwa ya jambo hilo, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Tochi ilimulika njia. Aliyepiga kelele alitia wengine moyo. Vijana wote 12 waweza kusimama kizimbani kwa shtaka la kuua, na huenda mmoja wao ni mtahiniwa wa kidato cha nne.

Tatu, wakisema, "Tuliamini kwa dhati kwamba ni mchawi"? Mahakama za Afrika Mashariki zimelijibu swali hili tangu zamani. Katika shauri la Fabiano Kinene, kutoka Uganda, mwaka 1941, marehemu alikutwa usiku akitambaa uchi katika ua wa mtu, na waliomwua wakasema walimwona akifanya uchawi mbele yao. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona kwamba tendo lile liliwaghadhibisha ghafula, ikalishusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Haikuwaachilia. Kisha, mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa, pia kutoka Uganda, mahakama ile ile ilieleza kwamba kuamini tu uchawi, au kuogopa madhara ya siku zijazo, si kughadhibishwa kunakotambuliwa na sheria. Lazima liwepo tendo lililofanywa na marehemu. Bibi wa mfano wetu alikuwa amelala. Hakuna tendo. Imani ya vijana wale haiwakingi.

Tena, sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo ni Sura ya 18 ya Sheria zetu, haimgusi tu yule ajidaiye kuwa na nguvu za uchawi. Kumzushia mwenzio uchawi kwaweza kuwa kosa pia. Wale watatu wa msibani, ambao hawakushika hata fimbo, nao wana la kujibu.

Twasema haya kwa uzito kwa sababu si habari za mbali. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeutaja Mkoa wa Mbeya zaidi ya mara moja miongoni mwa mikoa yenye mauaji ya imani za ushirikina. Aghalabu wanaouawa ni wazee, na wengi wao ni wanawake.

DOLA NAYO INA MIPAKA

Huenda kijana akasema: basi tuiachie Serikali iwasake wauaji kwa njia yoyote ile. La hasha. Historia ya nchi yetu ina funzo hapa. Katika miaka ya 1975 na 1976, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilisumbuliwa na mauaji, mengi yakihusishwa na uchawi. Vyombo vya dola vilitumwa kuyakomesha. Watu wakakamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa yeye mwenyewe hakuwa ametesa mtu. Viongozi wengine walijiuzulu pia, na baadhi ya maofisa walishtakiwa na kutiwa hatiani.

Funzo ni kwamba kosa la mtuhumiwa, hata likiwa kubwa namna gani, halimpi askari ruhusa ya kutenda kosa jingine. Katiba yasema ni marufuku kumtesa mtu au kumtweza. Sheria ya ushahidi nayo yakataa ungamo lililotolewa kwa vitisho, kipigo au ahadi. Sababu yake ni ya utu, na pia ni ya akili: mtu akipigwa vya kutosha atakiri hata kosa lililotendwa kabla hajazaliwa, na muuaji wa kweli atabaki akitembea sokoni.

Haki hizi hazikutoka hewani. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa mwaka 1981, na Tanzania ikauridhia mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1984 haki hizo ziliingizwa katika Katiba yetu, na tangu mwaka 1988 mwananchi aweza kuzidai mahakamani.

MTU AKIKAMATWA

Mwanafunzi na akumbuke mambo machache ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Raia wa kawaida aweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na asitumie nguvu kupita kiasi. Kumfunga mwizi kamba na kumwita askari ni kukamata. Kumvisha tairi ni kuua.

Askari amkamatapo mtu hupaswa kumweleza sababu. Aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, hupaswa kufikishwa mahakamani mapema, na iwezekanavyo ndani ya saa 24. Makosa mengi yana dhamana. Mauaji hayana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba sheria inayozuia dhamana kwa makosa ya namna hiyo haivunji Katiba. Kwa hiyo mtu aweza kukaa mahabusu muda mrefu akingoja kesi yake. Hata huko, yeye bado ni mtu asiyethibitishwa kuwa na hatia. Jamaa zake wasitengwe kijijini, wala watoto wake wasizomewe shuleni. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize habari za msaada wa kisheria, uliowekewa sheria yake mwaka 2017.

KAZI YA KIJANA

Ni nini basi atakachofanya mwanafunzi wa Kyela? Hana bunduki wala joho la hakimu. Lakini anao ulimi, na kesi nyingi za kijijini huanzia ulimini. Asikiapo jina la mtu likitajwa msibani, na aulize kwa adabu, kama mtoto awaulizavyo wakubwa zake: "Samahani, baba, ni nani aliyeona?" Swali hilo si utovu wa heshima, ndilo swali la kwanza la kila hakimu. Akiona vijana wakikusanyika usiku, asiwafuate hata kwa kutazama tu, bali apige mbio kwa mwenyekiti wa kitongoji au kituo cha polisi. Na akiwa kweli ameona jambo, basi asimame kuwa shahidi, aseme aliloona, pasipo kuongeza wala kupunguza.

Wako watakaosema kwamba sheria ya namna hii huwapendelea wahalifu, kwani wengine huponyoka kwa kukosa ushahidi. Ni kweli, wengine huponyoka. Lakini ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Kijiji kinachoweza kumwua bibi kizee kwa ajili ya macho mekundu, kesho chaweza kukuua wewe kwa ajili ya bati jipya, au kwa mavuno mema ya kakao ambayo jirani hakuyapata. Siku hiyo hutakuwa na mtetezi ila kanuni hii moja, kwamba asemaye na athibitishe. Nayo haitakuwapo kukutetea ikiwa leo umeiacha iuawe pamoja na bibi yule.

Jumapili ijayo, majaliwa, tutaendelea na haki za shahidi mahakamani, na jinsi ya kukata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo.